Sheria ya Punda kwa Mpanda Baiskeli

Jeilani wa Siyu alikuwa mtu wa maneno machache na mizigo mingi. Kwa miaka kumi na mmoja alibeba makubadhi, tumbako na nazi kutoka Siyu hadi Faza, na siku nyingine hadi bandari ya Mtangawanda kwenye vyombo, akitumia baiskeli ambayo haikuwa yake. Mwenye baiskeli alikuwa Badawi wa dukani, wala hakuwa mtu mbaya. Lakini Shaabani ya mwaka ule wa 1954 alimwita Jeilani, akamwambia huku macho yake yako kwenye mzani, kwamba amepata mnunuzi Mkunumbi.

"Idi ikipita nitaitoa. Nimekuachia mfungo mzima, Jeilani. Sikutaka ufunge huku una gunia kichwani."

"Ahsante, Bwana Badawi," alisema Jeilani, akatoka.

Alikuwa na miaka arubaini na miwili. Goti lake la kushoto, tangu alipoanguka mnazini, halikuwa likimpa ruhusa ya kwenda mbali kwa miguu akiwa na mzigo. Juu ya baiskeli goti lilinyamaza. Chini lilisema kila hatua. Kwa hiyo alijua vizuri Idi ikipita itakuwaje: atakaa barazani kama wazee, na mkewe Tima atasuka mikeka mpaka vidole vife ganzi.

Tima ndiye aliyeleta habari ya mashindano. Wafanyabiashara wa Amu, yaani mji wa Lamu, walikuwa wamechangishana, na siku ya pili ya Idi, baada ya mbio za punda, wangeshindanisha baiskeli kwa mara ya kwanza, kutoka mwisho wa mji mpaka kijiji cha Shela, juu ya mchanga mgumu maji yakishakupwa. Mshindi angepewa baiskeli mpya, ambayo bado ilikuwa imevikwa karatasi.

"Nenda," alisema Tima.

"Watanicheka."

"Hapa Siyu huchekwi? Watu wakuita Kenge mbele ya mato yako, nawe wawaamkia!"

Jina hilo la Kenge lilikuwa na sababu yake. Ukitoka Faza kurudi Siyu kuna uwanda mtupu usio na mti, na wakati wa kusi upepo huo ukikupata umekaa wima na magunia nyuma, unakanyaga pedeli na baiskeli haiendi. Hakuna aliyemfundisha Jeilani la kufanya. Siku moja, kwa uchovu tu, alilaza mikono yake juu ya usukani, viwiko mbele, kidevu karibu kiguse kengele, akaona upepo unampita juu ya mgongo kama kwamba hayupo. Tangu siku hiyo alivuka uwanda ule akiwa amelala vivyo hivyo, shingo imenyooka mbele, na wakulima wakiinua vichwa mashambani walipiga kelele: "Kenge apita! Kenge apita!"

Basi wakaenda Amu, yeye na Tima na baiskeli ya Badawi, wakafikia mtaa wa Mkomani kwa Bi Mwanamkisi, shangazi yake Tima.

Siku ya mbio walisimama waendeshaji wanane, vikoi vimekazwa, na kusi inawavumia usoni. Aliyetazamiwa kushinda ni Wazir, kijana wa Mkomani, mapaja kama milango, mwenye baiskeli inayong'aa kila msumari. Alimtazama Jeilani, akatazama keria yake iliyofungwa kwa kamba ya kumbi la nazi.

"Bwana, mzigo wako umeuwata wapi?"

"Yeo ni mimi mwenyewe tu," alijibu Jeilani, na watu wakacheka, wengine wakidhani amefanya mzaha.

Bunduki ya baruti ilipolia, saba walitoka mbio na Jeilani akabaki nyuma. Walipofika mahali ufuo unapogeuka na upepo kuwapiga vifua, alijilaza. Akampita wa kwanza, akampita wa pili. Hakuwa akiona kitu ila gurudumu lake na mchanga ukikimbia chini. Karibu na Shela alisikia mtu anapiga ukelele, akainua macho, akamwona punda mwenye shogi la mchanga, kapu huku na kapu huku, anakatiza mbele yake taratibu kabisa. Aliyumba, akapita mkiani pake kwa upana wa shibiri moja. Halafu akampita Wazir.

Kamba ya kumalizia ilikuwa imeshikwa na watu wawili, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa wima. Jeilani alipita chini yake. Kamba ikabaki imenyooka vilevile mpaka Wazir alipoikata kwa kifua chake, na waliokuwa mbali wakambeba Wazir juu juu.

"Si yeye! Ni huyu alopita chini!" walipiga kelele waliokuwa karibu.

Mwamuzi alikuwa Bwana Abdulhalim, mzee aliyeamua mbio za punda tangu watu wengi waliokuwapo pale hawajazaliwa. Aliketi chini ya turubai na wenzake wawili wa kamati. Aliinua fimbo yake, watu wakanyamaza.

"Nimeona kwa mato yangu kwamba mtu wa Siyu ndiye wa kwanza," alisema. "Lakini alikuwa amelala. Mpanda alolala hahesabiwi. Sheria hini yajulikana."

Ilijulikana kweli. Katika mbio za punda, mpandaji anayelala shingoni mwa mnyama ana lake jambo: ama anamuuma sikio, ama ameficha mwiba kiganjani anamchoma nao. Kwa ajili hiyo wazee walikata shauri zamani kwamba kila mpandaji akae wima, mikono yake ionekane. Kamati ilipoanzisha mbio za baiskeli iliichukua sheria ya punda nzima nzima, wala hakuna aliyefikiri kuitazama upya.

Jeilani alisimama jua kali, jasho linamwingia machoni, akautazama mchanga. Maneno alikuwa nayo. Kuyatoa mbele ya watu wengi namna ile ndiko kulikomshinda. Kutoka upande wa wanawake, nyuma ya mabuibui, ikaja sauti aliyoijua, ya Tima.

"Bwana Abdulhalim, tafadhali muulize: sikio alilouma li wapi kwenye baiskeli?"

Kicheko kilienea ufuo mzima. Hata mmoja wa wanakamati alifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Bwana Abdulhalim alisubiri wamalize. Hakukasirika. Aliinuka, akaizunguka baiskeli ya Badawi, akagusa kengele, akagusa vishikio, kama mtu anayekagua mnyama sokoni.

"Bibi huyo amesema kweli," alisema. "Chuma hakiumwi. Hapo sisi tumekosa."

Watu wa Siyu waliokuwapo walianza kupiga vigelegele, lakini mzee akainua tena fimbo.

"Ngojani. Jeilani, nina swali moya. Yule punda wa mchanga angesimama katikati ya ndia, ungemfanyaje? Breki ungeishika?"

Jeilani aliziangalia breki. Zilikuwa mwisho wa vishikio, na mikono yake ilikuwa imelala katikati, viganja vinaning'inia mbele hewani. Angeweza kusema ndiyo. Wazir mwenyewe asingejua kubisha, na baiskeli mpya ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo ya turubai, hatua tano kutoka pale.

"Nisingeweza, Bwana," alisema. "Mpaka niinuke kwanza. Na nisingewahi."

"Na angekuwa mtu?"

"Ningempiga."

Bwana Abdulhalim alirudi akakaa. Wakanong'ona wote watatu, na maji yalikuwa yameanza kurudi, yanalamba alama za magurudumu. Mwishoni mzee alisema mbio za siku ile zimevunjwa, zitarudiwa kesho maji yakikupwa, kwa sheria mpya.

"Kitako kitini. Viganja viwili kwenye vishikio, vidole vifike breki. Mgongo ni wa mtu mwenyewe, aukunje atakavyo."

Njiani kurudi Mkomani, walipopita gati, Tima alilipuka.

"Mimi nimekutafutia baiskeli mbele ya wanaume wa Amu wote, nawe waitupa kwa neno moya!"

"Tima, yule punda sikumwona mpaka nilipopigiwa ukelele."

"Hukumgonga!"

"Sikumwona," alirudia Jeilani, na Tima alipomwangalia uso akaliacha.

Alasiri yote aliendesha peke yake nyuma ya mji, kwenye njia ya mashamba, akitafuta namna ya kulala bila kulala. Viganja vikiwa mwisho wa vishikio, viwiko vilitoka nje kama mbawa za kuku, na upepo ukamkamata. Alivibana mbavuni. Alijisogeza nyuma kwenye kiti mpaka akahisi ukingo wake, akashusha kifua tena. Mgongo ulibaki juu zaidi kuliko zamani, kiasi cha upana wa kiganja, na kiasi hicho alikisikia kwenye mapaja kila alipokanyaga. Lakini sasa aliona njia mbele. Alijaribu breki mara nyingi, na mara zote vidole vilifika.

Kesho yake ilikuwa mbio nyingine kabisa. Bunduki ilipolia, Wazir naye aliinama. Waliinama wote wanane! Hakuna aliyekuwa mjinga. Walikuwa wameona jana, na sheria ilikuwa imewaruhusu. Jeilani alicheka peke yake kifuani, halafu akaogopa, maana kile alichokuwa nacho peke yake kwa miaka kumi na mmoja sasa kilikuwa cha kila mtu.

Ila mgongo una mazoea yake. Walipofika nusu ya njia, mmoja aliinuka akijishika kiuno, akafuata mwingine, na mwingine. Wazir alivumilia kuliko wote. Walikwenda sambamba, magurudumu mawili mchangani, mpaka paa za Shela zikaonekana, na Jeilani akaona kwa pembe ya jicho mabega ya kijana yanapanda kidogo, yanashuka, yanapanda. Kisha yakapanda yasishuke. Ilikuwa mara moja tu, kwa muda wa kuvuta pumzi, na kusi ikamshika Wazir kifuani.

Kamba siku hiyo waliishika chini. Ilimpata Jeilani chini ya kidevu, ikamwangusha kutoka kitini, akavingirika mchangani imemzonga shingoni na kofia imepotea. Wazir alikuwa wa kwanza kumfikia.

"U mzima?"

"Mzima."

"Kiuno changu si changu tena," alisema Wazir akiwa amejikunja. "Wewe wafanya hivi kila siku?"

"Na magunia," alisema Jeilani.

Mchana ule baiskeli ya Badawi ilisafirishwa kurudi Siyu kwa chombo cha jamaa, na salamu za shukrani. Ile mpya Jeilani aliisukuma kwa miguu mpaka Mkomani, kwa sababu mchanga wa pwani ulikuwa bado una chumvi, naye hakutaka chumvi iguse mnyororo. Aliivua karatasi zake moja moja katika kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba ya Bi Mwanamkisi, akateka maji ya kisima, akaanza kuisuuza gurudumu kwa gurudumu, akipitisha kitambaa katikati ya kila waya. Alipomaliza akaanza upya.

Tima alikuwa ameegemea nguzo, mikono kifuani, anamtazama.

"Jeilani. Tangu unioe, hata miye hujaniosha hivyo."

Jeilani aliona haya, akainama zaidi juu ya kitambaa chake. Kisha akamwomba amshikie usukani, aufikie upande wa pili.