Upawa wa Pili

Niliporudi kutoka Denmark nilikuwa mtu asiyevumilika mezani. Najua hivyo kwa sababu watu wameniambia, na wengine hawakungoja niwaulize. Mimi ni bwana mifugo. Nilipelekwa huko miezi sita kujifunza mambo ya ng'ombe wa maziwa, lakini nilichorudi nacho kichwani hakikuwa ng'ombe. Kilikuwa bei ya chakula. Mkate wenye nyama ya kusaga katikati na viazi vya kukaanga pembeni, ukigeuza pesa yao kuwa shilingi, unakaribia laki moja. Laki moja ni kondoo jike pale mnadani Katesh, tena kondoo mwenye heshima zake.

Hadithi hiyo niliisimulia ofisini. Niliisimulia nje ya kanisa baada ya ibada, na kwenye maboma ya wafugaji kule Hirbadaw nikiwa nimeshika bomba la sindano huku ndama anasubiri chanjo. Kila nilipoisimulia, kondoo alinenepa kidogo. Kufikia mwezi wa pili alikuwa anakaribia kuwa mtamba wa ng'ombe.

Lakini mahali nilipopapenda zaidi kuisimulia ni kwenye mgahawa wa shangazi yangu, dada yake baba, nyuma kidogo ya stendi ya Katesh. Palikuwa na meza nne, mabenchi, kuta za mbao zilizopakwa bluu, na vumbi la barabara ya Singida lililoingia bila hodi. Sahani ya wali au ugali, maharage na mboga za majani ilikuwa shilingi elfu mbili. Juu ya hiyo elfu mbili kulikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa popote. Ukifika katikati ya sahani, shangazi alipita nyuma yako na sufuria ya maharage, akakumiminia upawa wa pili. Haulizi. Ukitaka wa tatu unasema tu, "Mama, niongezee," naye anaongeza. Nyongeza hailipiwi, na sikumbuki kumsikia mtu yeyote akiishukuru, mimi nikiwemo.

Pale ndipo nilipokuwa nafundisha jiografia ya matumbo. Nilianza na Nairobi, nilikosubiri ndege, ambako sahani ya kawaida, ya watu wa kawaida, ilinigharimu kama elfu kumi na mbili za kwetu, na nilipotaka mchuzi zaidi yule dada aliniuliza kama nimeagiza mchuzi. Nikaenda Kigali, kwenye semina ya siku tatu. Kule mchana unalipa kama elfu tano, unapewa sahani, unaruhusiwa kupita kwenye vyakula mara moja tu. Mara moja. Kwa hiyo nilishuhudia watu wenye tai na shahada wakijenga sahani zao kwa ustadi, ndizi chini, viazi juu yake, wali pembeni kuzuia maporomoko, na kipande kimoja cha nyama kileleni. Nilipokuwa naelezea hapo, fundi pikipiki mmoja alizoea kushika tumbo akicheka. Halafu ndipo nilipomleta kondoo.

Jambo moja nililiruka kila mara, na sasa nitalisema. Ile siku ya kondoo sikushiba. Nilimaliza mkate, nikamaliza viazi, nikaokota hata vile vilivyoungua, na tumbo lilikuwa bado linanitazama. Akaja kijana mhudumu, akaniuliza kama kila kitu kilikuwa sawa. Nilimwambia kilikuwa kizuri sana. Nikalipa bila kunung'unika, na kwa kuogopa nisionekane mtu wa kutoka porini, nikamwachia bahshishi ambayo kwa shangazi ingenunua sahani tano. Baadaye wenzangu wa kozi waliniambia kule hata haitegemewi. Usiku huo nilikula mkate mkavu chumbani kwangu.

Mwaka huo maharage yalipanda bei. Mvua zilikuwa za kubahatisha, wanunuzi wa mbali walikuja na malori hadi mashambani, na debe likawa halishikiki. Mkaa nao ukafuata. Shangazi alikuwa mjane, wanawe wameshaondoka kila mmoja kwa njia yake, na ule mgahawa ndio uliomfanya awe mtu wa mjini. Bila huo angerudi Mogitu kulima, na alishanieleza kwamba magoti yake na jembe hayasikilizani tena. Siku moja jioni nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo, taratibu kuliko kawaida, anarudisha hata yale yaliyopasuka.

"Nikibaki na elfu mbili, sifiki Krismasi," alisema. "Ama nipandishe mia tano, ama niache kuongeza."

Nilimwambia aache kuongeza. Dunia nzima hawaongezi.

"Mtu anakula maharage yangu anabaki na njaa, halafu ananiambia asante?" alisema. "Hapana. Nitapandisha." Akatikisa ungo. "Kesho ni mnada, watakuwepo wote. Wewe unaongea sana bei za watu. Kesho ongea yangu."

Nakiri nilifurahi. Mtu aliyesafiri hutamani siku ambayo safari yake itakuwa na faida kwa mwingine, na mimi nilikuwa nimengojea hiyo siku nikiwa nimeshiba. Nililala nimepanga hotuba.

Kesho yake mgahawa ulijaa hadi mlangoni. Alikuwepo mnunuzi wa vitunguu, mtu mkubwa mwenye simu mbili, mteja wa miaka mingi ambaye hakuwahi kuondoka bila upawa wa nne. Alikuwepo fundi pikipiki. Kwenye benchi la ukutani alikaa mzee mmoja mfugaji wa Hirbadaw, niliyewahi kumtibia ng'ombe, ameegemeza fimbo yake, shuka begani, ametoka kuuza dume. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kutafuna. Shangazi alinipa sahani yangu, akanipa na ishara ya kidevu.

Nikaanza. Sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Nairobi waliicheka. Kigali waliigongea meza. Nilipomfikisha kondoo Denmark, hata waliokuwa nje walisogea dirishani. Mzee wa Hirbadaw aliacha kula kabisa.

"Kondoo mzima," alisema.

"Mzima, mzee."

"Na ukimaliza, wanakuongezea?"

"Hawaongezi."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Watu walimhurumia yule kondoo waziwazi. Nikaona sasa wameiva, nikawaambia kwamba mama huyu amewalisha miaka yote kwa bei ambayo huko nje hainunui hata maji ya chupa, kwamba maharage yamepanda na wao ndio mashahidi maana wengine ndio wanaoyauza, na kwamba kuanzia leo sahani ni elfu mbili na mia tano, nyongeza iko palepale.

Watu walimeza kwanza chakula kilichokuwa mdomoni.

"Sasa huko ni huko," alisema mnunuzi wa vitunguu. "Hapa ni Katesh."

"Mama, umetugeuka," alisema fundi.

"Sisi ndio tuliomjenga hapa," mnunuzi aliendelea, anawaambia wengine kana kwamba shangazi hayupo. "Angekuwa nani bila sisi? Mia tano si pesa, ni dharau." Alisema hayo huku ameinua sahani yake juu kidogo, upande wa sufuria, kama alivyozoea. Shangazi alimmiminia. Mnunuzi hakukatisha hata sentensi.

Nilikasirika. Niliwaambia ni watu wa ajabu, wanamlilia kondoo wa Mzungu na wanambania mama yao mia tano. Niliwaambia huko nje watu hulipa na kunyamaza. Niliwaambia mengi, mengine ya kweli. Na hapo mzee wa Hirbadaw, ambaye hana kawaida ya kuzunguka neno, akanigeukia.

"Bwana mifugo. Wewe hapa unalipa ngapi?"

Ningeweza kusema uongo. Ningeweza kutoa pesa mfukoni pale pale, ningetoa hata elfu kumi, na huenda mambo yangekuwa mengine. Mdomo wangu ulichagua ukweli, tena kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

"Mimi ni mtoto wa nyumbani," nilisema.

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena. Mnunuzi wa vitunguu alijifuta machozi kwa kiganja. Fundi alisema kumbe profesa wa bei hajawahi kulipa. Mbele yangu sahani ilikuwa imejaa, na upawa wa pili ulikuwa unafuka moshi juu yake, maana shangazi alikuwa amenimiminia wakati nikiwa Kigali.

Mzee yule peke yake hakucheka. Aliniangalia tu, alivyozoea kumwangalia mnyama aliyeambiwa ni mzima. Alipomaliza aliacha mezani noti ya elfu mbili na sarafu ya mia tano, akachukua fimbo yake akaondoka. Wengine hawakuona, au waliona wakawa na shughuli nyingine.

Shangazi alisimama katikati ya meza zake na sufuria. "Haya," alisema. "Elfu mbili." Akaendelea kuzunguka.

Hakunigombeza siku ile, wala baadaye. Nilitamani anigombeze. Nilianza kulipa, ndiyo, wiki iliyofuata, niliweka elfu mbili na mia tano mezani kwa kishindo ili wote wasikie, naye alinirudishia ile mia tano kwa sababu bei ilikuwa elfu mbili. Kwanza aliondoa nyama aliyokuwa akiipika Jumamosi. Halafu alimwondoa binti aliyemsaidia kuosha vyombo, akawa anaosha mwenyewe. Upawa hakuupunguza. Kufikia mwezi wa kumi na moja alifunga mlango wa mbao, akapakia masufuria yake kwenye gari la mizigo, akarudi Mogitu. Krismasi hakuifikia, kama alivyosema.

Pale pale pakafunguliwa mahali pengine. Mlango ni wa kioo, kuna picha za vyakula ukutani ambavyo jikoni havipo, na vijana wamevaa aproni nyekundu. Wali maharage ni elfu tano. Maharage huja kwenye kibakuli ambacho shangazi angekitumia kupimia chumvi.

Niliingia siku moja kwa sababu ya njaa na kwa sababu ya kutaka kuchukia. Kwenye meza ya dirishani alikaa mnunuzi wa vitunguu na simu zake mbili. Sahani yake ilikuwa na wali mwingi mweupe na kibakuli kikiwa kitupu kabisa, amekipangusa kwa kijiko. Alimwangalia mhudumu akipita. Mhudumu alirudi, akamwuliza kama kila kitu kiko sawa.

"Kizuri sana," alisema yule mtu mkubwa.

Akala wali mkavu hadi mwisho, akalipa elfu tano, akasema asante. Macho yetu yalikutana, kila mmoja akashika simu yake. Nami nilikula wangu mkavu. Nilimdharau sana, na dharau hiyo ilinitosha kwa dakika kama tano hivi, mpaka nikakumbuka Denmark na bahshishi.

Mwezi uliopita nilikwenda Mogitu. Nilimkuta shangazi shambani amekaa chini anang'oa magugu kwa mkono, anajisogeza kwa makalio kutoka mstari hadi mstari, kwa sababu ya magoti. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akanyanyuka kwa kunishika bega. Hakukubali nisaidie palizi. Aliingia jikoni, akanitengea ugali na maharage, akaketi kando ya mafiga kunitazama.

Nilipofika katikati ya sahani alinyanyuka. Nilimsikia akija nyuma yangu na sufuria, hatua moja, kisha akashika ukuta, hatua nyingine. Akanimiminia upawa wa pili. Haukuwa na upungufu wowote.

"Asante, shangazi," nilisema.

Alishangaa kidogo. Sidhani aliwahi kuambiwa.

Nilikula vyote. Alipotoka kwenda kumwaga maji, nilichukua noti tatu za elfu kumi nikazisukuma chini ya sahani, haraka haraka. Lakini kwetu mgeni haondoki kabla vyombo havijaondolewa, na nililijua hilo. Aliinua sahani, akaziona. Alizichukua, akazikunja vizuri, akanitilia kwenye mfuko wa shati, kisha akagongagonga mfuko kwa kiganja kama alivyofanya nilipokuwa mtoto naenda shule.

"Hapa hakuna bei," alisema. "Bei ilikuwa kule Katesh."