Kitenge cha Kijani

Olga anauza vitenge Kabambare. Wanawake wakipenda rangi mpya, Olga humpigia simu dada yake Cécilia aliye Kasongo, na mzigo hupakiwa kwenye pikipiki bila kukawia. Ndiyo maana wenye harusi moja walimwendea yeye kutafuta kitenge cha sare.

Lakini kitenge cha kijani walichokichagua kiliisha dukani kabla mashangazi wa bibi harusi hawajakipata. Cécilia akatuma vingine vya rangi hiyo hiyo kwa pikipiki ya Aristote, dereva wake. Mvua ikanyesha njia nzima, na simu ya Aristote ikawa haipatikani. Mama wa bibi harusi akaja kuketi mlangoni pa duka.

"Mama Olga, kesho ni ndoa. Tutavaa nini?"

"Iko mu njia, mama," Olga akajibu.

Jioni Aristote akafika akisukuma pikipiki, matope hadi kifuani. Alikuwa ameanguka akivuka mto. Mzigo ulichuruzika maji machafu.

Olga hakumgombeza. Aliufungua, akawagawia mashangazi vitenge wakavisuuze kisimani, kisha akawaita mafundi wa soko waje na cherehani na pasi zao za makaa.

Asubuhi mashangazi waliingia kanisani wamevaa kijani, magauni mengine yakiwa bado na unyevu mabegani.