Meno ya Juu ya Neema

Nikiwa na miaka minane, jambo la mwisho la kawaida nililoliona nyumbani kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, lilikuwa bibi akimlisha mdogo wangu Neema uji. Kijiko kikagonga kitu. Bibi akakiweka chini, akainua mdomo wa mtoto kwa kidole, kisha akamrudisha kwa mama upesi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Meno ya yulu ndiyo imetangulia," alisema.

Tulitoka Kivu ya Kusini. Magodoro tuliyaacha njiani, lakini bibi alifika na imani zake zote. Mtoto anayeota meno ya juu kwanza, wazee wa kwetu walisema, huwala ndugu zake mmoja mmoja. Dawa yake ni kumtoa alelewe na watu baki, mbali na damu yake. Neema alikuwa na ndugu mmoja tu: mimi.

"Papa Amani, toa huyu mutoto," bibi alimwambia baba, akimwita kwa jina langu. "Ama utazika huyu kijana."

"Mama, Neema ni wa Mungu. Hakuna fasi ataenda."

"Wewe na Biblia yako! Kaburi utachimba na hiyo Biblia?"

Baba alikuwa shemasi. Jumapili tulikuta watu wamehama benchi letu, hata waimbaji waliotoka kuimba kwamba Yesu ameshinda. Baba akasimama mbele na Neema, akamtia kidole kinywani. Neema akauma. Baba akaruka.

"Ameuma shemasi!" mtu akapaza sauti, na kanisa zima likacheka.

"Anauma kama mutoto yeyote," baba alisema. "Nani anakuja kumubeba?"

Kicheko kikakatika. Alikwenda mama peke yake. Mimi nilishika benchi kwa mikono miwili.

Neema hakutolewa, nami sikufa. Nilisoma, nikafundisha chuoni Mbarara, nikaoa. Niliwaeleza wanafunzi wangu imani za namna hii kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupona.

Mwaka huu mke wangu alilazwa. Neema alikuja na supu. Niliipokea mlangoni mwa wodi, nikamwambia mgonjwa amelala. Hakuwa amelala. Nilisema hivyo siku tatu mfululizo, na Neema, bila kubishana, aliketi kwenye ngazi mpaka muda wa wageni ukaisha. Siku ya nne mke wangu aliniuliza kwa nini wifi yake haji kumwona. Nilimrekebishia shuka. Hakuuliza tena.

Siku ya mazishi ya mke wangu, shangazi mmoja alinong'ona habari za yale meno. Ningemkemea, lakini pale mlangoni mwa wodi nilikuwa nimemtangulia. Miaka yote nilidhani nimerithi imani ya baba kwa sababu tu nilikuwapo aliposimama. Sikuweza kuketi, sikuweza kula; nilizunguka uani mpaka watu wakaacha kunisemesha.

Kesho yake asubuhi nilivuka mto Rwizi hadi Nyamitanga, kwa Neema. Nilimkuta anafua. Nilimwambia kwamba mke wangu alikuwa macho siku zote zile, na kwamba alimwulizia.