Maji ya Kisima Kwenye Betri ya Jirani

Jumamosi iliyopita gari langu lilitaka kugoma. Liliwaka, lakini kabla ya kuwaka stata ilizunguka kwa kujivuta, kama mtu aliyeamshwa mapema mno, na taa za dashibodi zikafifia. Dada yangu alikuwa ameketi kando yangu. Alikuwa amelala kwangu Nzuguni na nilikuwa namrudisha kwake Ipagala, kwenye cherehani yake.

"Si limewaka? Twende," akasema.

Sikwenda. Nilizima injini, nikafungua boneti, nikatoa kipima umeme ninachokiweka chini ya kiti, nikamwomba dada awashe tena huku nikisoma namba. Zilishuka hadi volti tisa na kidogo, kisha zikapanda kwa uvivu. Betri hiyo ilikuwa na miaka miwili na miezi saba. Najua, kwa sababu kila ninapofunga betri mpya huandika tarehe kwenye plasta na kuibandika ubavuni mwake. Tukaenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi aliipima, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Mama, hii bado inadunda. Siku ikikataa unashtuliwa na gari la jirani, unaendelea na safari."

"Mwambie," dada akadakia. "Huyu betri zake huzizika zikiwa hai."

Fundi akacheka. Mimi nikamwambia aibadilishe. Tukakaa kwenye benchi kusubiri, na hapo ndipo kijiji chetu kiliponirudia.

Nikueleze kwanza, msomaji wangu, usije ukadhani ni ubishi tu. Sijasomea umeme. Ninachokijua nimekipata kwenye vitabu vya mitumba, kwa kuuliza mafundi hadi wanachoka, na kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe. Watu wengi hudhani baridi ndiyo adui wa betri, kwa kuwa hugoma asubuhi ya baridi. Kumbe joto ndilo linaloila polepole kutoka ndani, na baridi huja tu kutangaza msiba. Kwa jua letu la Dodoma, betri ikimaliza miaka mitatu imejitahidi. Stata ikianza kujivuta, unga mweupe ukirudi kwenye vichwa vyake kila ukiusafisha, ubavu ukivimba, au maji yakikauka upesi kuliko zamani, usingoje ikuaibishe. Hayo nayasema kwa utulivu. Sababu ya kuyajua haina utulivu wowote.

Tulilelewa na bibi, mimi na dada, katika kijiji cha upande wa Bahi, kwenye tambarare ambako ardhi yenyewe ina chumvi. Kiangazi wanawake walikwangua udongo mweupe, wakauchuja na kuchemsha maji yake mpaka chumvi ibaki chunguni. Maji ya kisima yalikuwa hivyo hivyo. Sabuni haikutoa povu. Ugali wa uwele ulipikwa bila kutafuta chumvi, na mgeni akinywa chai yetu alitulia kidogo na kikombe mdomoni, kisha akameza kwa heshima. Kwa hiyo bibi alikuwa na pipa la maji ya mvua chini ya ukingo wa bati, limefunikwa kwa ungo na jiwe juu yake. Maji yale yalikuwa ya chai ya wageni, ya dawa, na ya mtoto mchanga wa yeyote. Sisi tulikatazwa hata kuinua ungo.

Jirani yetu alikuwa dereva mstaafu. Alikuwa na pikapu ya dizeli, gari pekee la kijiji, na alilitunza kwa kanuni kama za jeshini. Jioni alilipandisha kwenye mwinuko wa kanisani na kuligeuza litazame chini. "Gari hulala likitazama bondeni," alitufundisha, na asubuhi alitoa breki tu, likateremka lenyewe, akaachia klachi katikati ya mteremko, likaunguruma na kutoa moshi mweusi. Sisi watoto tulidhani magari yote duniani huwashwa hivyo. Hatukujua kwamba mzee alikuwa akiificha betri iliyochoka. Ukimwambia habari za betri alijibu, "Haijafa. Imezeeka kama mimi, na mimi mbona nakula?"

Mwaka ule dada alichaguliwa kwenda sekondari, msichana wa kwanza katika ukoo wetu. Shule ilikuwa Dodoma mjini. Muda wa kuripoti ulipofika akashikwa na malaria, akalala wiki mbili, na barua ilisema wazi kwamba Ijumaa fulani ndiyo mwisho. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine. Alipoanza kupata nafuu zilikuwa zimebaki siku kumi hivi. Jirani akaja nyumbani, akamsalimu bibi kwa Kigogo, akamgeukia dada. "Wewe mwanasekondari, utapanda mbele. Sanduku nyuma, wewe mbele. Nitakufikisha barabara kuu, basi likukute umekaa juu ya sanduku lako kama mkuu wa wilaya."

Siku nane kabla ya safari aliniita nimsaidie. Alikuwa amefungua vile vifuniko sita vya betri na akaona maji yamepungua, vibao vya madini ya risasi vilivyomo ndani vimeanza kuonekana. Maji maalumu ya betri yalikuwa yanauzwa mjini tu. "Kaniombee kwa bibi yako kata moja ya maji ya mvua," akasema. "Ya mvua, umesikia? Mwambie ni kwa ajili ya safari."

Bibi alikuwa shambani. Mvua zilikuwa zimekatika, kama zinavyofanya kwetu katikati ya msimu, na pipa lilikuwa limebaki robo. Nilisimama mbele ya ule ungo. Nilimwogopa bibi kuliko nilivyomwogopa jirani, na nilijiambia kwamba maji ni maji, tena haya yanamiminwa kwenye chuma, hayanywewi na mtu. Nikachota kwenye ndoo ya kisima. Jirani alikuwa anafunga tairi, akaniambia nimimine mwenyewe, taratibu, mpaka vibao vifunikwe. Nikamimina vyumba vyote sita. Nilikuwa darasa la tano na nilijivunia mkono wangu usiotetemeka.

Alhamisi jioni, ili kurahisisha kupakia, jirani aliliacha gari uani kwetu. Uwanja wetu ulikuwa bapa, tena wa kichanga. Tukapakia sanduku, godoro na kifuko cha karanga. Nadhani ndiyo mara pekee niliyoliona gari lile limelala bila mteremko mbele yake.

Asubuhi ya Ijumaa ile ya mwisho alizungusha ufunguo. Kulisikika tik moja. Akazungusha tena. Tik.

Watu waliitwa. Walikuja wanaume waliokuwa njiani kwenda shamba, mwalimu, mwinjilisti na kanzu yake, wanawake wenye ndoo. Magurudumu yalizama kwenye kichanga. Jirani alipiga kelele dirishani, "Sukumeni kwa mabega! Midomo haina nguvu!" Mtu akamjibu, "Basi shuka wewe uliyenona, tusukume gari peke yake!" Watu wakacheka, gari likasogea hatua tatu, likatitia tena. Dada alikuwa amevaa sare mpya. Alivua viatu, akavipanga juu ya sanduku, akaja kusukuma pamoja nasi. Mimi nilisukuma nikitazama boneti. Nilikuwa na hakika kwamba kila mtu angeweza kuona kilichokuwa chini yake.

Tulilifikisha kwenye ardhi ngumu jua likiwa utosini. Likawaka. Barabara kuu basi lilikuwa limeshapita. Dada na jirani walilala hapo kwa ndugu wa huyo mzee, wakafika mjini Jumamosi, ofisi ya shule imefungwa. Jumatatu mwalimu aliyewapokea aliisoma barua, akatikisa kichwa, akawaonyesha jina jingine limeandikwa pembeni ya jina la dada lililokatwa kwa mstari.

Alirudi na sanduku lake. Hakulia mbele yetu. Mwaka uliofuata bibi alimpeleka kujifunza ushonaji, na leo nusu ya magauni ya harusi unayoyaona Ipagala yamepita mikononi mwake. Miaka miwili baadaye nilichaguliwa mimi. Jirani alinipeleka hadi mlangoni mwa shule. Betri ilikuwa mpya, na tangu mwaka ule hakuacha tena betri izeeke. Ilipofika miaka miwili aliibadilisha, hata kama inadunda, na watu wakamcheka.

Sikumwambia mtu kuhusu maji. Badala yake nikaanza kusoma. Nilijifunza kwamba chumvi huila risasi ya vibao vile. Kisha nilijifunza kuhusu umri, nikaanza kuhesabu. Betri ya jirani ilinunuliwa mwaka kanisa lilipoezekwa bati. Nilikuwa darasa la kwanza, maana darasa letu ndilo lililobeba misumari. Siku ya safari nilikuwa darasa la tano. Miaka minne na kitu, kwenye jua lile, vibao vikiwa vimeonekana juu ya maji. Ilikuwa inakufa bila mimi. Sikuridhika. Nilitafuta betri mbili zilizofanana, moja nikaijaza maji ya betri, nyingine maji niliyoagiza kutoka kisima kile kile. Ya chumvi ilidhoofika mapema, lakini si kwa siku nane. Hapo ningeweza kupumzika, isipokuwa betri zangu hazikuwa zimezeeka, na mgonjwa humpimi kwa mtu mwenye afya. Kila jibu lilizaa swali.

Hayo yote nilimwambia dada pale kwenye benchi. Sijui kwa nini siku hiyo. Labda ni kwa sababu fundi alikuwa ameinua betri ya zamani na kuiweka chini miguuni petu. Nilimweleza kata, ungo, ndoo ya kisima, hata lile jaribio langu. Alinisikiliza akiwa ameshika mkoba magotini kwa mikono miwili.

"Umesoma betri miaka yote hii kwa ajili hiyo?"

"Ndiyo."

"Wewe mtoto." Mimi ni mtu wa miaka hamsini, lakini ndivyo anavyoniita. Kisha akasema, "Ile Alhamisi jioni, mliponiona nimekaa ndani ya gari, mlidhani nafanya nini?"

"Unalinda mizigo."

"Nilikuwa nasikiliza redio. Mzee aliacha ufunguo. Nikawa nawaza mjini kukoje, bwenini nitalala na nani. Nikasikiliza mpaka sauti ikaanza kufifia, nikazima, nikatoka, sikusema. Asubuhi niliposikia ile tik, nilijua ni mimi."

Nilifungua mdomo. Kichwani nilikuwa nimeshaanza: redio ya zamani, saa mbili, pengine tatu, betri iliyobakiwa na theluthi ya nguvu zake.

"Usinipigie hesabu," akasema. "Nakuona macho."

Nikaziacha. Tukatazama barabara. Kisha akauliza, "Mzee yeye alisema ni nini?"

Nilikumbuka vizuri. Alisema siku ile ile waliporudi, amesimama mlangoni kwa bibi, kofia mkononi. Alisema ni yeye: aliliacha gari kwenye bapa, yeye anayewafundisha wengine. Alilirudia jambo hilo kila alipomwona dada, sokoni, kanisani, hadi uzee ulipomlaza. Mara ya mwisho tulikwenda kumsalimu pamoja, mimi na dada. Akamshika mkono, akamwomba msamaha tena, na dada akamwambia, mzee, hayo yamepita. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda. Nilimnywesha maji.

Siku hizi kijijini lami inapita karibu, mabomba yamefika, na magari huegeshwa popote. Mwinuko wa kanisani umejengwa nyumba. Nikienda, watoto hawajui kwamba palikuwa na gari lililolala hapo likitazama chini, na sina wa kumuuliza chochote. Tulikuwa wawili wa kumpokonya mzee yule mzigo wake, kila mmoja ana uhakika ulikuwa wake, na wote tulimwacha aende nao.

Fundi akaita kwamba tayari. Dada alikuwa bado ameketi.

"Tungemwambia," akasema.

Nikamwambia ndiyo.