Samaki wa Vigae

Juzi sahani ilivunjika jikoni kwangu hapa Kinondoni. Binti yangu akaifagia, akaitia kwenye ndoo ya taka. Mie nikainama, na magoti yangu haya, nikaanza kuitoa kipande kimoja kimoja. "Mama, umestaafu, pumzika basi," akasema. Nimestaafu ualimu, nikamjibu, mikono hii hakuna aliyeiandikia barua ya kustaafu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chumba changu cha nyuma kimejaa mbao nilizobandika vigae, vipande vya khanga, bati la madebe na ukili wa rangi, na wageni huniuliza nilisomea wapi sanaa hiyo. Nilisomea Temeke, ndugu yangu, enzi za Mwingereza, sijatimiza hata miaka tisa, kwa mwalimu asiyejua kusoma.

Mwalimu huyo ni bibi yangu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na kila masika ikiisha ukuta wa mbele ulikandikwa upya. Sie watoto tulikanyaga udongo mwekundu mpaka ulainike, majirani wakileta maji, na uani mihogo ya nazi inachemka, harufu yake ikituhimiza miguu. Ukuta ukiwa bado mbichi, bibi alinipa kikapu cha vigae. Jirani yetu alikuwa mpishi Uzunguni, na kila chombo kilichovunjika huko alimletea bibi. "Haya, mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyonitania, "pamba nyumba yetu." Nikachomeka vigae vya buluu, vya maua, vya mstari wa dhahabu, nikatoa samaki mmoja mkubwa, kichwa mlangoni, mkia dirishani. Wapita njia walisimama kumtazama. Sijawahi kujivuna vile tena, hata siku niliyopewa cheti cha ualimu.

Akaja bwana afya, kaptura imenyooshwa kwa pasi. Alisema nyumba zote za mtaa zipakwe chokaa, na huyo samaki ni uchafu. Bibi hakubishana. Alipaka ukuta mzima, samaki akapotea, nami nikalia kwa kwikwi. Chokaa ilipokauka akanipa kitambaa chenye maji. "Futa hapo. Kigae hakishiki chokaa." Nilifuta kimoja kimoja, samaki akarudi, na kwenye weupe ule alionekana kuliko mwanzo.

Bwana afya aliporudi alihamaki. Aliupiga ukuta kwa fimbo yake, pa, pa, vigae vikaanguka vimevunjikavunjika, akaondoka akisema safari ijayo ataivunja nyumba yenyewe. Nilimchukia mtu yule, na mpaka leo sijamsamehe. Bibi akachuchumaa, akaanza kuokota.

"Mwanzo vilikuwa vingi hivi?" akaniuliza.

"Hapana, bibi. Sasa ni vingi zaidi."

"Basi katuongezea."

Tulikandika tena palipobomoka. Kwa vigae vile vidogo samaki akapata magamba, ambayo kwa vile vikubwa nilishindwa kumtengenezea.

Mara ya tatu bwana afya alimkuta bibi amekalia mbuzi, anakuna nazi. Hakuinuka. "Chokaa nimepaka kama ulivyoamuru," alimwambia. "Ukitaka kuvunja, vunja tena. Mjukuu wangu bado mdogo, ana muda mwingi." Majirani walikuwa wametoka vibarazani, wanamtazama tu. Yule bwana akageuka, akaenda zake, na hakurudi tena.

Miaka mingi baadaye, bibi keshafariki na mie nafundisha mkoani, nyumba ile ilivunjwa kupisha barabara. Habari iliponifikia nilipanda basi siku ileile. Nilikuta uwanja umesawazishwa, kifusi kimeshabebwa na lori. Nilichimbua mchanga mpaka kucha zikatoka damu, sikupata hata kigae kimoja. Siku hizi mtaani pale hakuna anayekandika. Ni tofali na saruji, na watoto hawakanyagi udongo wakinusa mihogo ya nazi.

Kwa hiyo anayeniambia nipumzike asidhani nina ubishi wa kizee. Nina samaki mzima wa kurudisha kwenye mbao zangu, kwa ukubwa wake uleule, kutoka mlangoni hadi dirishani, na mpaka leo nimemaliza mkia tu.