Tangazo la Mwalimu Philomena

Mtaani Nyasubi, pale Kahama, kila mwanamke ni mama wa fulani: Mama Ritha, Mama Boaz. Philomena Bujiku hakujaliwa mtoto, akabaki kuwa Mwalimu tu, hata sokoni, hata sasa alipokwisha kustaafu. Mume alishatangulia mbele za haki, na ndugu zake wa Didia walikuwa wamepukutika. Jioni nyumba ilikuwa kimya mno, redio ndiyo iliyomsemesha.

Basi alipopata kazi ya kuwafundisha Kiswahili mafundi wa kigeni wa mgodini, aliibeba redio hiyohiyo darasani. Vitabu vya salamu na bei za nyanya akaviweka kando, akawasikilizisha matangazo ya vifo. Wenyewe walidhani mama wa watu amechanganyikiwa.

"Mkitaka kutujua," aliwaambia, "sikilizeni nani anatajwa. Shemeji yuko Rwamgasa, mjomba yuko Didia, anatafutwa hadi binamu aliyepotelea machimboni. Kwetu mtu hafi peke yake."

Alilisema hilo kwa kila darasa jipya, na kila mara lilimchoma. Yeye angetangazwa na nani? Habari zimfikie nani?

Akawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike tangazo la kifo cha mtu wa kubuni. Kesho yake Kwabena, fundi mitambo kutoka Ghana, mwenye bidii kuliko wenzake, akasimama na kusoma kwa sauti ya mtangazaji hasa.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Mwalimu Philomena Bujiku wa Nyasubi. Habari ziwafikie wanawe, Kwabena, Andrei na Lin, popote walipo."

Wenzake Andrei na Lin wakapiga makofi. Philomena akainua mkono kuwazuia.

"Kwabena, mtu aliye hai hatangazwi. Huo ni uchuro. Angekusikia mtu mwingine wa hapa, angekutimua."

Kijana akanywea. "Nisamehe, Mwalimu. Nilifikiri ni heshima." Akaanza kuikunja karatasi ili aichane.

"Acha. Mkataba wako unaisha lini?"

"Desemba. Sote tunaondoka."

Philomena akaitazama karatasi ile. Alijua kwamba akifa baada ya hapo, hakuna hata mmoja wao atakayesikia redio ya Kahama. Alijua pia kwamba uchuro ni uchuro, na bibi yake angetema mate chini. Akavuta kiti, akaketi mbele yao.

"Soma tena," akasema. "Anzia pale penye wanangu."