Bahasha Mbili za Mume Wangu

Mume wangu amelinda kura za nchi hii tangu aingie jeshini, na alikuwa hajapiga hata moja. Kila uchaguzi ulimkuta mpakani, bunduki begani, kitambulisho mfukoni. Alizaliwa Morogoro, baba yake akiwa mkimbizi wa siasa aliyengoja nusu ya maisha yake kurudi Johannesburg apige kura. Kwa hiyo jambo hili lilimuuma, ingawa alilicheka.

Jirani yetu hapa Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, mama wa Kikongo anayesuka nywele ghorofa ya chini, hakumwachia.

"Shemeji, weye unapikia wengine tu. Kula, hapana."

Mwaka wa uchaguzi uliopita nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, na mtu aliyehitimu akiwa na miaka arobaini haambiliki. Sheria ya uchaguzi niliisoma darasani mpaka ikaanza kunisoma yenyewe. Humo nikakuta kura maalumu: asiyeweza kufika kituoni siku yenyewe anaomba mapema, anapiga kabla ya wengine. Mwanajeshi, mkewe, nesi, yeyote.

"Jeshi lina sheria zake, Profesa," mume wangu akasema.

"Na jeshi liko nchi gani?"

Akacheka, akanisogezea kitambulisho chake. Nikatuma maombi yake kwa simu, na yangu pia, maana siku ya uchaguzi nilikuwa na zamu hospitalini.

Jumatatu asubuhi, siku ya kura maalumu, tukaenda kwenye shule tulikojiandikisha. Lori la kwenda mpakani lilikuwa linamngoja mchana. Akapakwa wino kwenye kidole gumba, akaingia kibandani, akatoka na karatasi yake imekunjwa. Msimamizi akamkabidhi bahasha mbili, moja ina jina lake.

Mume wangu akaigeuzageuza ile yenye jina.

"Eish. Kura ni siri, na hapa kuna jina langu. Mkubwa wangu akiisoma je?"

Akaifumbata karatasi yake kiganjani. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika Durban, na mimi niliona miaka yake yote ya kungoja inarudi nyumbani mfukoni.

"Baba, sikiliza. Karatasi inaingia kwenye bahasha isiyo na jina. Hiyo inaingia kwenye hii yenye jina. Wakishahakikisha ni wewe, wanaitoa ya ndani bado imefungwa, wanaichanganya na nyingine. Ndipo wanafungua. Hapo hata wewe huijui yako."

Msimamizi akaniuliza kwa Kizulu kama nimewahi kufanya kazi yake.

"Hapana. Nimesoma jioni."

Mume wangu akafunga ya kwanza, akafunga ya pili, akatumbukiza. Kisha akalipigia sanduku saluti ambayo jenerali hajawahi kuipata. Nami nikapiga kura yangu.

Tulipopita ghorofa ya chini akamwonyesha jirani kidole chenye wino.

"Haya shemeji," mama akasema bila kuacha kusuka, "leo umekula."

Jumatano, siku ya uchaguzi wenyewe, akanipigia simu kutoka mpakani. Kikosi kizima kilikuwa kimekitazama kidole chake, na wenzake kumi na wawili walitaka kujua uchaguzi ujao wanaombaje. Nikamwambia waandae vitambulisho. Darasa linaanza jioni.